Alama kwenye Kiti cha Nyuma

Niboye, Kigali
14 Juni 2025

Kwa Mjomba Usumani,

Asalaam aleikum, na shikamoo yangu ifike kabla ya karatasi yenyewe. Siku ya Idd nilikupigia simu mara tatu. Mara zote ulisema "Nani?" ukakata. Basi nimerudi kwenye kalamu kama unavyopenda, na Dominic wa lori la mchele ataifikisha Kahama. Ameapa hataikalia.

Sisi huku hatujambo. Tulichinja mbuzi pamoja na majirani, mimi nikaambulia shingo. Mama hajambo, ila magoti yake na huu mlima wetu wa Niboye hawapatani. Mimi bado niko kiwandani Masoro, nakata mashati, na tangu Aprili nasimamia meza yenye wakataji kumi na wawili.

Habari kubwa ni Kaliza. Mwanangu ameposwa, Mjomba! Mchumba anaitwa Gisa, wa Kabuga, mwalimu wa hesabu. Ndoa itafungwa hapa nyumbani asubuhi ya Jumamosi tarehe 13 Desemba, kisha bibi harusi atapelekwa Kabuga kwa sherehe. Lazima uje. Nasema lazima.

Habari ya pili ni kwamba nimenunua gari. Usianguke. Ni dogo, la mkono wa pili, rangi ya kijivu, limetoka Dubai, na viti vyake ni vya leza, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya maziwa. Nimejinyima miaka sita ili Mama asipande tena mlima huu kwa miguu, na ili siku ya harusi akae kiti cha nyuma na Kaliza hadi Kabuga, kama alivyowasindikiza mabinti wote wa ukoo wetu. Mimi alinisindikiza kwenye teksi iliyozimika njiani mara mbili. Safari hii nataka akae kwa raha.

Sasa jambo lenyewe. Kiti hicho cha nyuma kimeharibika. Bernard, Mkenya aliyeniuzia, alikuwa amevifunika viti vyote kwa nailoni. Tulipoitoa, upande wa kulia leza ilikuwa imekakamaa na kubadilika rangi, kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima au zaidi kidogo. Ilikuja hivyo. Nataka kumrudia Bernard, ila nakuuliza kwanza wewe uliyezeeka ukishona viti vya malori: je, kinatengenezeka?

Mama hajaingia kwenye gari hata mara moja. Anasema harufu ya petroli inamchefua.

Mpwa wako,
Leila


Kahama
3 Julai 2025

Leila mwanangu,

Waaleikum salaam, na marahaba. Sikio langu ni zima kabisa. Simu za siku hizi ndizo zinazonong'ona. Mke wangu anakusalimu, kuku wake wanakusalimu, na mafundi wangu wawili wamekunywa soda kwa heshima ya Kaliza bila kumfahamu. Mwalimu wa hesabu ni mume mzuri. Hatapotea njia ya kurudi nyumbani, maana ataihesabu.

Kwa hiyo una gari! Mtoto niliyembeba begani kwenda kununua maandazi Biryogo leo anatembea na ufunguo. Nimemwambia kila dereva anayepita hapa, hata wale wasioniuliza.

Kuhusu kiti, umeniandikia kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza. Leza haiharibiki hivi hivi. Jua huichana nyufa nyembamba. Sigara huacha tundu la mviringo. Maji ya betri huila mpaka kwenye sponji, na panya hukuachia nyuzi na mavi yake. Chukua karatasi ya kukatia nguo, itandaze juu ya alama, uchore ukingo wote kwa penseli, ukubwa ule ule, uniletee. Halafu chini ya kiti, pasipoonekana, kata kipande cha leza upana wa vidole viwili nikitafutie mwenzake. Na usimguse Bernard kabla sijaona karatasi hiyo.

Juu ya harusi, Desemba malori ni mengi hapa na kazi inanibana. Tutaona.

Msalimie dada yangu. Mwambie tulipokuwa vijana alisafiri juu ya lori la samaki wabichi na hakuchefuka. Hiyo petroli imemfanya nini?

Mjomba wako,
Usumani


Niboye
27 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Jana ilikuwa umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwezi, tumefyeka majani kando ya barabara kuanzia asubuhi. Mama alitusimamia akiwa kwenye kiti cha plastiki, akimwonyesha kila mtu alipoacha jani. Watu wazima walimwitikia "ndiyo, Mama" kama wanafunzi.

Ndani ya bahasha kuna mchoro na kipande cha leza. Karatasi imekatika kidogo pale kwenye ncha, niwie radhi, mkasi uliteleza.

Najua ulinikataza kumgusa Bernard, lakini barua yako ilikaa kwa Dominic wiki mbili, na mimi hasira zilishapanda. Nilimwita. Akaja na shati lake jeupe, akainama, akatazama kiti muda mrefu. Akasema, "Mama Kaliza, siku nilikupatia ufunguo hii kiti ilikuwa sawa kabisa. Lakini wewe ni mteja wangu, na sitaki tukosane. Nitaitengeneza mimi mwenyewe." Nikasema sawa. Mama alikuwa chumbani na mlango ulikuwa wazi. Mchana chakula chake hakukigusa.

Juzi alikuwa na miadi ya magoti kliniki. Nikalitoa gari, nikamfungulia mlango kama dereva wa hoteli. Akasema anapenda upepo. Akapanda pikipiki, Mjomba, na miaka yake sitini na tisa, kofia ngumu juu ya mtandio, mkoba kifuani. Majirani walimpigia makofi. Mimi nilifuata nyuma na gari langu tupu hadi kliniki, na nikarudi nyuma yake hivyo hivyo.

Hujasema utakuja.

Leila


Kahama
30 Agosti 2025

Leila,

Ukiona imechelewa, mlaumu Dominic. Lori lilimharibikia Rusumo, akalala mpakani siku tisa na barua yako kwenye kofia yake. Imenifikia ikinuka dizeli na vitunguu. Sisi ni wazima.

Nimeitandaza karatasi yako mezani. Sikuhitaji miwani. Nyuma imenyooka. Mbavu mbili zinakuja mbele zikikaribiana taratibu, na mbele kabisa mkasi "umeteleza". Mkasi wa mwanamke anayesimamia wakataji kumi na wawili! Ungekuwa umekata vizuri ningekuamini, lakini umekata vizuri mno.

Mwanangu, ulikipiga kiti pasi.

Nimecheka mpaka fundi akaniletea maji. Nakuona kabisa: umetoa nailoni, umekuta makunyanzi, damu ya ushonaji ikakupanda. Lakini leza si pamba, Leila, ni plastiki iliyovaa suruali ya ngozi. Makunyanzi yake huisha kwa kukaliwa. Ukiwa na haraka, chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, ulilaze juu yake, ukanywe chai. Pasi! Umekulia chini ya meza ya cherehani halafu unakwenda kufanya kituko ambacho hata muuza ndizi asingekifanya.

Lakini pale kwa Bernard sikucheka. Mtu anajitolea kutengeneza kosa lisilo lake kwa sababu ana adabu, nawe ukasema sawa. Mwambie ukweli kabla hujanijibu. Mimi leza nitaitafuta. Rangi hii ya maziwa ni ngumu kupatikana huku, kila dereva anataka nyeusi.

Harusi bado naiangalia.

Usumani


Niboye
14 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sote tu wazima.

Ni kweli, ilikuwa pasi. Nimemwita Bernard hapa nyumbani, nikamwambia ukweli na kumwomba radhi. Alicheka, akasema shemeji yake aliwahi kukausha viti vya gari kwa jiko la mkaa, kwa hiyo mimi ni mwenye akili. Nilipotaka kuomba radhi mara ya pili alinikatalia.

Mama hajambo. Anashona mito ya Kaliza na haongei sana.

Leila


Kahama
5 Oktoba 2025

Leila mwanangu,

Natumaini mko salama. Huku mvua imeanza kunusanusa, na mke wangu amepanda mchicha hadi mlangoni pa karakana.

Barua yako ni fupi, na wewe hujawahi kuwa mtu wa barua fupi. Nikairudia ile karatasi. Ukingo wa kushoto, karibu na nyuma, penseli yako imeingia ndani kiasi cha punje ya muhindi kisha ikatoka. Mara ya kwanza nilidhani mkono ulikutetemeka. Sasa nimekumbuka. Pengo hilo nalijua. Baba yetu aliiangusha pasi yake ya mkaa kwenye ngazi za duka kule Biryogo nikiwa na miaka tisa, ikameguka hapo hapo. Pasi yako wewe ni ya umeme, na waya wake haufiki kwenye gari. Katika nyumba yenu ni mtu mmoja tu ambaye bado anawasha mkaa kwa ajili ya nguo.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo nadhani hukusimuliwa sawasawa, ulikuwa mdogo. Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa pili katika duka la mama yako, dada yangu Mwamini. Asubuhi moja nilikuwa nalipiga pasi koti la bwana harusi, mwenyewe amekaa pale akilisubiri. Msichana mzuri akapita mlangoni. Nikamtazama. Dada akapaza sauti, "Usumani, inua ipasi!" Nikainua, na bega la koti likaja pamoja na pasi. Mbele ya bwana harusi na wateja wote akasema, "Huyu ipasi hataigusa tena maisha yake." Wiki iliyofuata nilikuwa Kahama. Nikachagua viti kwa sababu viti havipigwi pasi. Angalau ndivyo nilivyodhani kabla ya mwaka huu.

Tangu siku hiyo sijashika pasi. Mashati yangu nayalaza chini ya godoro na kuyalalia, ndiyo maana nina mikunjo ya ajabu mgongoni. Nimekuja kwenu mara nne. Nimekula, nimetaniana na dada yangu, nimewazika watu wetu pamoja naye. Chumba cha cherehani sijawahi kuingia. Umewahi kuliona hilo? Yeye ameliona, namjua.

Basi nitasema ukweli. Nilipolitambua pengo lile nilifurahi. Niliinuka nikazunguka meza mara mbili. Sasa nataka kuja harusini, Leila, na kwa jambo moja tu. Watu wakishakula na kutulia, nitamuuliza dada yangu kwa sauti: nani aliyekipiga kiti pasi?

Usumani


Niboye
19 Oktoba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nitazipunguza leo, nisamehe.

Kama unakuja kwa ajili hiyo, usije.

Siku ya pili baada ya kununua gari nilikwenda kazini. Niliporudi milango yote ya gari ilikuwa wazi, na harufu ya plastiki iliyoungua ilinipokea barabarani. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Sikumuuliza. Baadaye nilipoinama kuchukua beseni, nikaiona pasi chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kitenge, leza ya rangi ya maziwa imeganda kwenye chuma. Nikairudisha kama ilivyokuwa. Hajui kwamba niliiona, na hajawahi kusema.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwambia, kwa mzaha tu, kwamba kiti kina makunyanzi kuliko uso wangu. Alitaka nirudi nikikute kimenyooka. Mjomba, amewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima, na huyu ni mjukuu wake wa kwanza. Ilikuwa zawadi.

Nilimsingizia Bernard kwa sababu nilitaka kosa liwe la mtu wa mbali. Hiyo ni aibu yangu na siifichi. Na nilipomwambia Bernard kwamba ni mimi niliyepiga pasi, nilisikia nyayo. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Akarudi chumbani, na tangu siku hiyo mito ya Kaliza imekaa nusu nusu, cherehani imefunikwa.

Wiki iliyopita alimwambia Kaliza amtafute mtu mwingine wa kukaa naye kiti cha nyuma. Yeye atapanda basi la Kabuga na mito yake. Kaliza amelia, anadhani bibi yake hampendi Gisa. Gisa naye amekuja mara mbili na kilo za sukari kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Gari hili sikulinunua kwa ajili yangu. Kama Mama hatakaa kwenye kiti hicho tarehe 13, basi nimenunua bati lenye magurudumu.

Ulifukuzwa na maneno makali, nami nakuonea uchungu, sikuwa najua. Lakini yeye sasa anajifukuza mwenyewe. Leza unayo wewe, na sindano unayo wewe. Njoo kama fundi, au ubaki na malori yako.

Leila


Kahama
23 Novemba 2025

Leila,

Salaam. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana.

Leza nimeipata Mwanza, rangi ile ile. Napanda basi Jumatatu tarehe 8. Dada yangu usimwambie kitu. Mwambie nakuja harusini, na kwa kuwa sindano haikosi mfukoni mwangu nitaangalia kiti. Jumatano wewe nenda kazini kama kawaida, na Kaliza mtafutie safari ya sokoni, ndefu.

Usumani


Niboye
21 Desemba 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Asalaam aleikum na shikamoo. Tumefurahi kusikia umefika salama, na kwamba mke wako ameipenda ile kahawa. Maharusi wameshatulia Kabuga. Kaliza anasema Gisa amepanga vikombe vyote kabatini kwa ukubwa. Uliona mbali.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikumbuka ile asubuhi machozi yananilenga, na sina wa kumweleza kila siku. Ulikuwa nyuma kwenye basi la wageni, hukuona tulivyoondoka. Nilifungua mlango wa gari, Kaliza akaingia na gauni lake lote, mimi nikasimama nikiogopa hata kupumua. Mama akaja taratibu na fimbo yake. Akainama. Akapapasa kiti kwa kiganja, upande wa kulia, akaufuata mshono wako kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi papo hapo, akavuta mtandio, akaniambia, "Dereva, unangoja nini? Tugende!" Kutoka hapa hadi Kabuga aliimba. Tulipofika Masoro nilimwonyesha kiwanda changu, akasema, "Tazama mbele." Sijawahi kufurahi kukaripiwa namna ile.

Tangu hapo hataki kutembea hata hadi kwa jirani. Jana nimempeleka dukani kununua kiberiti. Kimoja.

Sasa nina maswali na nataka majibu. Jumatano ile nilirudi kutoka kazini nikakuta kiti kimekaa mahali pake kama hakikuwahi kuguswa, na ninyi wawili mmekaa uani mnakula mihogo, macho mekundu. Nikauliza kuna nini. Mama akasema ni moshi. Nimemuuliza tena mara tano. Anasema kamuulize mjomba wako.

La pili, kanzu yako. Mtu ninayemjua ana mikunjo ya godoro. Siku ya harusi ulisimama ukiwa umenyooka kama shehe aliyetoka dukani. Nani aliipiga pasi?

Na la tatu, tazama picha nilizokuwekea. Katika picha zote kumi na moja mkono wako wa kushoto umebana ubavuni kama mtu aliyepewa kipimajoto. Hata wakati wa kula ulitumia mkono mmoja, hata kumpungia Kaliza. Unaumwa bega, Mjomba? Niambie, nitume dawa.

Leila


Kahama
9 Januari 2026

Leila mwanangu,

Waaleikum salaam, na marahaba iliyojaa. Huku sote wazima, mchicha umekua hadi tunaugawa. Bega langu ni zima. Keti chini nikueleze.

Mlipotoka Jumatano ile niliking'oa kiti nikakiweka uani juu ya mkeka. Nikaanza kufumua. Saa nne dada yangu akaleta chai, akasimama na kutazama. Akasema, "Hii mishono yako iko mirefu." Nikamjibu kwamba viti vya malori havina haraka. Akaenda kuleta kigoda. Nikawa napitisha sindano, yeye anashika kingo za leza zisijikunje, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, bila kuambiana shika hapa, achia pale.

Kile kipande kilichoungua nilikuwa nimekikata. Kilikuwa pale katikati yetu juu ya mkeka, umbo zima, na ile ncha uliyoiona haifai kusafiri. Hakuna aliyekitaja. Leila, ule msemo wangu wa 'nani aliyekipiga kiti pasi' nilikuwa nimeubeba kutoka Kahama. Ulikuwa hapa, nyuma ya meno. Nilimtazama usoni, naye alikuwa ananisubiri niuseme. Alikuwa ameinamisha kichwa kabisa, tayari. Nikakiokota kile kipande, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Nikamwomba aniongezee sukari.

Akainuka akaingia ndani, na sukari haikuja. Baada ya muda nikasikia harufu ya mkaa. Akatokea mlangoni pa chumba cha cherehani. "Kanzu yako ya harusi iko wapi?" Nikasema iko kwenye begi. "Iko kwenye begi imekuwa kama kitambaa cha kudekia. Zana hano, ilete." Nikaileta mpaka kizingitini, nikasimama. Akasema, "Ingia, Usumani."

Nikaingia. Meza ni ile ile ya Biryogo, unaijua? Nilidhani ataipiga yeye. Akanitia pasi mkononi, ile ile yenye pengo. "Akira, shika. Tera ipasi, ipige mwenyewe." Kisha akageuza kigoda, akanipa mgongo, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Unamjua mama yako. Tangu nizaliwe mdogo wake hajamwacha mtu afanye kazi bila kumkodolea macho. Siku hiyo hakutazama.

Nikapiga mgongo wa kanzu. Nikapiga mkono wa kulia. Nilipofika mkono wa kushoto nikainua macho, nikaona mtandio umemteleza, kichwa chote cheupe, na shingo imekuwa nyembamba. Nikawaza alikuwa na nywele nyeusi nilipoondoka. Nikazama humo. Naye bila kugeuka, polepole kabisa, akasema:

"Usumani, inua ipasi."

Nikainua. Kwenye kwapa la kushoto kulikuwa na alama ya kahawia, ukubwa wa sarafu. Akageuka, akaiona. Nikatoa kile kipande mfukoni nikakilaza kando ya kanzu. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akalia, nami nikalia, kisha tukacheka tena, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama ni msiba au harusi imeanza mapema. Akaniambia, "Nilikutukana mbele ya watu, Usumani, na sikukufuata." Nikamwambia hata mimi sikugeuka kutazama kama ananifuata. Tukala mihogo. Ndipo ulipotukuta.

Kwa hiyo bega halina kitu. Mama yako alitaka kuitia kiraka nikamkatalia. Nilibana mkono siku nzima kwa furaha.

Ukiingia chumba cha cherehani tazama nyuma ya mlango. Kile kipande cha leza tumekipigilia pale, na chini yake dada yangu ameandika kwa chaki ya kukatia nguo: 1999, 2025. Usikifute. Na mwambie aongeze 2026, maana mimi huku nimenunua pasi, na jana nimeunguza foronya.

Mjomba wako mwenye shati lililonyooka,
Usumani